Mawifi Wawili na Njia ya Shule

Mtaa mzima ulimwita Fundi, na alikuwa ameshazoea hivyo kiasi kwamba mtu akimwita kwa jina lake la kuzaliwa, hageuki. Alishona sare za shule. Chumba cha mbele cha nyumba yake kilijaa sketi za marinda, kaptula na mashati meupe ya mikono mifupi, vyote vimetundikwa kwenye misumari kuta zote tatu. Mgeni akiingia ghafla angedhani amekuta darasa zima limesimama kimya likimwangalia. Katikati ya nguo hizo kulikuwa na cherehani ya mguu, na nyuma ya cherehani alikaa Fundi, tangu asubuhi hadi jioni, mgongo umepinda, chupa ya chai yenye sukari ya kukata na shoka ikiwa mkono wa kushoto, mkasi mkono wa kulia. Kila alichokihitaji alikuwa amekipanga mahali ambapo hakuhitaji kuinuka kukifuata. Alijisifu kwa hilo. "Mimi," alikuwa akiwaambia wateja, "hata nyumba ikiungua, nitamalizia pindo kwanza."

Mumewe alikuwa mpaka rangi, jina la mtaani Brashi. Alikuwa mtu wa mzaha, mrefu, mwenye madoa ya rangi kwenye kope ambayo hayakuwahi kutoka yote. Presha alikuwa nayo miaka mingi. Siku kichwa kikimuuma alimeza vidonge, na kisipomuuma aliviacha juu ya kabati, akisema na vyenyewe vinahitaji likizo. Mezani alikuwa hajaonja, ameshanyunyiza chumvi. Fundi alimsema, akamsema tena, na yeye akacheka, akanyunyiza. Mchana mmoja, wakiwa wanakula, kijiko kilimponyoka Brashi. Mdomo ukaenda upande. Alijaribu kusema jambo, maneno yakatoka kama ya mtu aliyejaza pamba mdomoni. Majirani walipofika na gari, alikuwa ameshakata roho, na sahani yake haijafika hata nusu.

Katika chumba cha uani cha nyumba hiyohiyo aliishi dada mkubwa wa Brashi, wifi yake Fundi. Alikuwa mfagizi wa shule ya msingi iliyokuwa mwisho wa barabara, mwanamke mwembamba, mkavu, mwenye kauli chache na zote za kukata. Aliolewa zamani, akaachika, hakujaaliwa mtoto. Mdogo wake ndiye aliyekuwa mtoto wake, kaka yake na mlinzi wake. Na siku ya msiba, mbele ya wanawake wote waliojazana chumbani, aliinua uso akasema kwa sauti isiyo na machozi, "Mdogo wangu amelishwa mpaka akafa."

Fundi alikuwa amekaa palepale, hatua chache kutoka kwake, shuka la kujifunika likiwa mdomoni. Alifyata ulimi. Lakini maneno hayo yalimwingia, yakatafuta pa kukaa, yakakaa.

Baada ya watu kutawanyika, nyumba ilibaki na wanawake wawili wasio na la kuambiana. Asubuhi walikutana kwenye mlango wa uani. Fundi, kwa kuwa ndiye mdogo, alisema, "Shikamoo wifi." Wifi alijibu, "Marahaba," huku ameshampa kisogo. Basi. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo ya siku nzima. Kila mmoja alipika chakula chake. Binti pekee wa Fundi, ambaye alikuwa ameolewa mbali, alikuwa akipiga simu na kuuliza, "Mnaelewana lakini, mama?" na Fundi akajibu, "Tunaelewana sana, hatujagombana hata siku moja." Na kweli hawakugombana. Kugombana kunahitaji maneno.

Fundi akarudi kwenye cherehani kama mtu anayejificha chini ya kitanda. Alishona na kunywa chai, na akisikia njaa alikata mkate akala huku mguu uko kwenye pedali. Miguu ikaanza kuvimba jioni, kandambili zikawa zinaacha alama. Kisogo kikawa kizito asubuhi, kama amelalia jiwe. Alijiambia ni majonzi. Halafu siku moja aliinuka kumpima mtoto wa mteja, chumba kikazunguka, misumari na mashati na dirisha vyote vikaenda kulia, na aliposhtukia alikuwa ameshikilia bega la mtoto yule, naye mtoto analia.

Akaenda zahanati shingo upande.

Nesi aliyempima alikuwa mwanamke mnene, mwenye macho ya kuchoka, aliyekuwa akiandika kwa mkono mmoja na kufukuza nzi kwa mwingine. Alifunga mkanda mkononi mwa Fundi, akabinya mpira kuujaza upepo, akasikiliza. Akaujaza tena.

"Mama, wewe si mke wa yule mpaka rangi?"

"Ndiye mimi."

"Basi sitakuzungusha. Presha yako iko juu, karibu na pale alipokuwa yeye." Akavua mkanda taratibu. "Na yeye nilikuwa namwambia hapahapa, kwenye kiti hicho. Ananichekesha, nacheka, anaondoka."

Fundi alikitazama kiti alichokikalia.

"Sasa nisikilize," nesi akasema. "Sikupi mambo makubwa. Kidonge hiki kila asubuhi, uumwe usiumwe. Kiweke karibu na kitu ambacho huwezi kukisahau. Chumvi ipunguze, sukari ipunguze. Maji kunywa. Kazi yako ni ya kukaa? Basi inukainuka. Na asubuhi tembea, hata kidogo, lakini kila siku. Leo kidogo, kesho kidogo. Hivyo tu."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Watu hawavifanyi kwa sababu ni vidogo. Wangeambiwa wavuke mto wangejitahidi."

Fundi alirudi nyumbani na pakiti ya vidonge ndani ya sidiria. Hakutaka wifi yake ajue. Aliona aibu, kana kwamba ugonjwa huo ulikuwa ushahidi. Kana kwamba yule mwanamke wa uani angeuona na kusema, haya, sumu imemrudia mpishi. Akavificha kwenye kopo la vifungo, karibu na uzi mweupe, maana uzi mweupe ndicho kitu ambacho hakuna siku hakukigusa.

Hazikupita siku nyingi, Wifi akakatika kifungo cha koti la kazi. Fundi alikuwa dukani. Wifi akaingia chumba cha mbele, akafungua kopo kutafuta kifungo kinachofanana, na Fundi aliporudi alimkuta amesimama katikati ya mashati, pakiti mkononi. Alikuwa akiitazama kama mtu aliyekuta kiatu cha marehemu mlangoni.

"Hivi ni vile vyake," alisema.

"Si vyake. Ni vyangu."

Wifi akakaa kwenye stuli ya wateja. Hakuwahi kukaa humo tangu msiba. Aliigeuzageuza ile pakiti.

"Na wewe pia?" akasema mwishowe.

"Na mimi pia, wifi."

"Unavimeza?"

"Navimeza."

"Kila siku?"

Fundi alisita. "Jana nilisahau."

Wifi akainuka, akarudisha pakiti ndani ya kopo, akalifunga. Akiwa mlangoni, bila kugeuka, alisema, "Sitaki kuzika tena kutoka nyumba hii. Umenisikia? Sina nguvu hizo." Akaondoka, kifungo hakuchukua.

Kesho yake, Fundi alipoingia jikoni, kikopo cha chumvi hakikuwepo. Alitafuta nyuma ya masufuria, chini ya meza, ndani ya kikapu cha vitunguu. Hakikuwepo. Juu ya jiko kulikuwa na maharage yaliyokwisha kuiva, na wifi yake amesimama pembeni na mwiko kama askari wa zamu.

"Leo napika mimi," alisema. "Na kesho."

Maharage yale hayakuwa na ladha ya kitu chochote duniani. Fundi alitafuna, akatafuna, akameza kwa msaada wa maji.

"Wifi," alisema kwa upole, "hiki chakula kina nini ndani?"

"Kina maharage."

"Nayaona. Ila ni kama yamefiwa na yenyewe."

Maneno yalimtoka kabla hajayafikiri, na mara moja akataka kuyarudisha. Wifi alikunja uso, akatazama sahani yake. Halafu akaitoa ndimu mfukoni mwa koti, akaikata, akamkamulia. "Weka hiyo. Kesho nitatia kitunguu saumu." Hakucheka, lakini hakuondoka mezani. Ilikuwa mara ya kwanza kula pamoja tangu msiba, na wote wawili walikwepa kutazama kiti cha tatu.

Kutembea kulianza vilevile, bila kuombana. Wifi aliondoka kila alfajiri inapopambazuka kwenda kufagia shule kabla watoto hawajafika. Asubuhi moja aligonga mlango wa Fundi kwa kiganja. "Vaa viatu."

"Twende wapi?"

"Mdogo wangu aliambiwa atembee. Wewe nesi alikwambia ukae?"

Wakatoka. Barabara ilikuwa bado na ubaridi. Mwenye kibanda cha magazeti alikuwa akifungua makufuli, mbwa mmoja amelala katikati ya njia kama ameikodi. Wifi alitangulia, Fundi nyuma. Fundi alihema, mapaja yalimuuma, jasho lilimtoka kwenye mgongo, akawa anamlaani yule mwanamke moyoni kwa kila hatua. Kwenye geti la shule Wifi aligeuka, akamtazama kuanzia miguu hadi uso, kama mtu anayekagua kazi. "Rudi taratibu," alisema, akaingia ndani kuchukua fagio lake.

Njia ya kurudi peke yake ndiyo iliyomshinda Fundi. Wakati wa kwenda alikuwa na hasira ya kumsukuma. Wakati wa kurudi alikuwa na kuta tu, na karibu kila ukuta wa barabara ile Brashi alikuwa ameupaka. Ule wa kijani wa kinyozi. Ule wa njano uliomsumbua kwa sababu mwenye nyumba alibadili mawazo mara tatu. Fundi alikuwa akipita hapo miaka yote ndani ya gari au hakupita kabisa, akimwachia mumewe safari zote za sokoni. Sasa alizipita kuta hizo kwa mguu, moja baada ya nyingine, na hakuna hata moja iliyomwacha apite bila kumkumbusha. Alifika nyumbani macho yamevimba kuliko miguu.

Hata hivyo kesho yake kiganja kiligonga tena, naye akavaa viatu.

Mambo mengine aliyabuni mwenyewe. Mkasi aliuhamisha, akautundika kwenye msumari karibu na dirisha, ili kila akitaka kukata uzi lazima ainuke. Siku za kwanza alijitukana. Alikuwa akinyoosha mkono kulia kwa mazoea, anashika hewa, anasonya, anainuka. Chupa ya chai akaijaza maji. Chai akaibakiza asubuhi, sukari akaipunguza kidogokidogo mpaka siku moja mteja alipomkaribisha chai ya nyumbani kwake, akaiona kama dawa ya kikohozi. Jioni, badala ya kushona mpaka macho yawe mekundu, alifunika cherehani na kulala mapema. Hakulala vizuri. Upande wa pili wa kitanda ulikuwa mpana mno. Lakini alilala.

Mvua zikaja, zikaondoka. Kandambili zikaacha kuchora miguu yake. Kisogo kikawa chepesi. Alipanda ngazi za zahanati bila kusimama katikati, na nesi alipompima, akasikiliza, akavua vifaa masikioni na kutabasamu kwa mara ya kwanza.

"Imeshuka, mama. Imeshuka vizuri kabisa! Umefanyaje?"

"Ulivyoniambia."

"Vyote?"

"Vyote. Havikuwa vingi."

Alitoka nje, akasimama kwenye baraza la zahanati, na badala ya furaha kilimjia kitu kizito kilichomfanya ashike nguzo. Havikuwa vingi. Ndimu badala ya chumvi, kidonge karibu na uzi, barabara moja asubuhi. Miaka yote ile yeye na mumewe walikuwa wakiuogopa ugonjwa kama jitu la kupigana nalo kwa silaha nzito, kwa waganga wakubwa wa mbali, kwa dawa ambazo hawangezimudu. Kumbe Brashi alihitaji kidogo hivi. Kidogo hivi tu, na angekuwa sasa hivi juu ya ngazi mahali fulani, akiimba vibaya, rangi ikimdondokea kwenye kope.

Alimwambia Wifi asubuhi iliyofuata, njiani. Hakujua kwa nini alimwambia. Labda kwa sababu hakuna mwingine duniani ambaye angeelewa.

"Presha imeshuka," alisema.

"Vizuri."

"Wifi, haikuwa kazi kubwa."

Wifi aliendelea kutembea hatua chache, halafu akasimama. Hakugeuka. Mabega yake membamba yalikuwa yakipanda na kushuka. "Kwa nini wewe uweze," alisema, "na yeye asiweze?"

"Nilimwambia. Mungu ananiona, kila siku nilimwambia."

"Najua ulimwambia. Nilikuwa nasikia mpaka uani. Mimi pia nilimwambia. Wote tulimwambia." Alijifuta uso kwa kiwiko cha koti. "Nani alivaa viatu akatoka naye?"

Miaka yote Fundi alikuwa kwenye cherehani, akimsema mumewe bila kuinua macho kwenye pindo. Na huyu mwingine alikuwa akipita barabara hii kila alfajiri peke yake, mdogo wake amelala.

Walisimama pale, kila mmoja anatazama upande wake. Wifi akasema, polepole, kama mtu anayevua kiatu kinachombana, "Lile neno nililolisema siku ya msiba. Nililisema kwa sababu ulikuwa karibu."

Haikuwa samahani hasa, lakini Fundi aliipokea.

Ndipo, akiwa anamtazama vizuri kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, alipoona kitu. Wifi alikuwa bado anahema. Walikuwa wamesimama muda mrefu, Fundi pumzi zake zimetulia zamani, lakini yule mwanamke mkavu, mtembezi wa miaka yote, alikuwa anahema kama aliyepanda mlima na mzigo. Na Fundi akakumbuka kwamba siku hizi Wifi alikuwa akisimama mara nyingi njiani, akiinama kufunga kamba za viatu. Viatu vyake havikuwa na kamba.

"Wifi, twende ukapimwe."

"Mimi sina presha. Mimi natembea tangu ujana."

"Twende tu."

"Sitaki kujua," Wifi alisema, na akaingia getini.

Ilimchukua Fundi muda mrefu kumshawishi. Alimbembeleza, akamnunia, akagoma kula maharage yake. Mwishowe alifanya lile aliloona linafaa. Asubuhi moja aligonga mlango wa uani kwa kiganja, na Wifi alipofungua, akamwekea viatu miguuni. "Vaa," alisema. "Leo tunapita njia nyingine."

Nesi alimsikiliza kifua, mbele na nyuma, akabonyeza miguu yake kwa kidole, na alama ya kidole ikabaki. Akawaandikia waende hospitali kubwa. Huko, baada ya kupigwa picha na kusubirishwa kwenye viti vya mbao, daktari kijana aliwaeleza kwa lugha nyepesi kwamba moyo umetanuka. Umechoka, alisema, umefanya kazi ngumu miaka mingi bila mtu kuusikiliza. Hautarudi ulivyokuwa.

"Utasimama lini?" Wifi aliuliza, kama anayeuliza saa ya basi.

Daktari alikohoa. "Hatuwezi kusema, mama. Lakini tunaweza kukufanya upumue vizuri. Dawa hizi. Chumvi usiguse. Mizigo usinyanyue, ndoo ya maji hapana. Ukilala, inua kichwa, mito miwili au mitatu. Pumzika kabla hujachoka, si baada ya kuchoka."

"Na kufagia?"

"Kufagia ndiyo basi tena."

Walirudi nyumbani kwa basi. Wifi alishuka na kwenda moja kwa moja chumbani kwake, akafunga mlango, na Fundi akasikia kilio cha mtu ambaye hajazoea kulia. Hakulilia moyo. Alililia fagio. Ile shule ilikuwa yake; alijua kila ufa wa sakafu, kila dawati bovu, kila mtoto anayekuja mapema kwa sababu nyumbani hakukaliki.

Fundi alimhamishia chumba cha kati, kwa sababu cha uani kilikuwa na unyevu. Alichukua vipande vya vitambaa vya sare, vya buluu na kahawia, akashona mito mitatu iliyojaa pamba, wa chini mpana, wa juu mdogo, akaipanga kama ngazi. Wifi aliilalia akasema, "Unanilaza au unanikalisha?" Lakini asubuhi alikiri kwamba kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu hakuamka akitafuta hewa. Vidonge vya kumkojoza vilimkera. "Nimekuwa mtoto mchanga," alilalamika, akiinuka kwa mara nyingine tena. "Bado kunyonya tu." Fundi alimfunikia chupa za dawa kwa kitambaa safi, akaziweka karibu na kikombe chake cha chai. Maji sasa alichota Fundi, ndoo nusunusu.

Kutembea hawakuacha. Mwanzoni walifika kwenye ukuta wa njano wa Brashi, wakapumzika kwenye jiwe, wakarudi. Wifi alikuwa akiugusa ukuta kwa kiganja na kusema, "Alipaka vizuri," au "Hapa alikuwa na haraka ya kwenda kula." Baadaye wakawa wanaishia kwa kinyozi. Baadaye kwenye kona. Ikafika wakati safari yao ikawa kutoka kitandani hadi barazani, ambako Fundi alimwekea kiti chenye kuegemea mahali jua la asubuhi linapoanguka. Hapo Wifi alikaa, anaangalia watoto wakipita kwenda shule katika sketi na kaptula zilizotoka chumba kilichokuwa nyuma ya mgongo wake, na wao walimjua, wakamwamkia kwa kelele. "Wewe, fulana inatokea nje!" alikuwa akiwagombeza. "Wewe, umenawa kweli?"

Ilikuwa miezi mizuri kwa namna yake. Fundi hangeiita ya furaha. Lakini walikula pamoja, mambo ya zamani wakayasema, mengine wakayaacha yalale. Wifi alimsimulia mambo ya Brashi alipokuwa mdogo, alivyopaka mbuzi wa watu chokaa, na Fundi alicheka mpaka akaacha kushona. Pumzi ya Wifi ilikuwa fupi, lakini ilikuwepo. Alikuwa akimaliza sentensi. Nesi alipopita kumwona alisema wengine wenye moyo kama ule hawafiki hapo, na wakifika, wanafika kwa mateso.

Wifi alikufa asubuhi, barazani, jua likiwa bado halijafika magotini. Watoto walikuwa wameshapita. Fundi alikuwa ameinuka kufuata mkasi, na kutoka dirishani alimwona ameinamisha kichwa pembeni, kama anayesikiliza. Alimwita. Akamwita tena, kwa sauti ndogo, huku anajua.

Msiba huu ulikuwa mdogo kuliko ule wa kwanza. Walimu wawili walikuja, na mlinzi wa shule, na wanawake wa mtaa. Binti alifika kwa mabasi mawili, akakaa siku chache, akamwomba mama yake aondoke naye. "Nyumba hii, mama, utabaki na nani?" Fundi alimwambia atafikiri. Alijua haendi. Binti alipoondoka, alifagia chumba cha kati, akaikunja mito, na asubuhi iliyofuata kwa kuwa hakuna aliyegonga mlango, aliamka mwenyewe, akameza kidonge, akavaa viatu, akatembea hadi geti la shule na kurudi. Mfagizi mpya alikuwa mwanaume. Alikuwa akifagia kwa kutimua vumbi, na Fundi hakutaka kumtazama.

Aliendelea hivyo. Hakuipenda njia, hakuichukia. Siku nyingine alilia, siku nyingine hakulia, na siku ambazo hakulia zilimsikitisha zaidi.

Kati ya wanawake waliokuja msibani alikuwapo jirani mmoja, muuza vitambaa, mwanamke mkubwa wa umbo, mcheshi, ambaye alikuwa amemnong'oneza Fundi kwamba na yeye ameambiwa ana presha na sukari juu yake. "Nikuone unavyofanya," alisema, "na mimi nianze." Wakaahidiana asubuhi. Asubuhi jirani hakutokea. Kesho yake hakutokea. Walipokutana dukani kwake alicheka, akasema usingizi ulimzidi, akambadilishia mada kwa kumwonyesha kitambaa kipya cha mashati.

Asubuhi ya tatu Fundi hakupita njia yake. Alikwenda mpaka mlango wa jirani, akagonga kwa kiganja. Kimya. Akagonga tena. Mlango ukafunguka nusu, na uso wenye alama za mto ukatokeza.

"Jamani Fundi. Si nilisema leo sijisikii?"

"Hukusema."

"Basi nasema sasa. Kesho, mwenzangu. Kesho kwa hakika."

Fundi alimtazama, akaona macho yale yanayocheka, akaona vifundo vya miguu vilivyovimba juu ya kandambili.

"Vaa viatu," alisema.

"Sijanawa hata uso!"

"Nawa. Nakusubiri hapa."

Mlango ulifungwa. Hakujua kama utafunguliwa tena. Akaegemea ukuta, akaikunja mikono kifuani kwa ajili ya baridi, akasubiri.